Wimbo Wanaoupenda na Wimbo Wanaouogopa

Kila nchi yetu ya Kenya inapopatwa na msiba, wimbo mmoja hutolewa kabatini, ukapanguswa vumbi na kupigwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, watu zaidi ya 1,100 walipouawa na wengine zaidi ya laki sita kufukuzwa makwao kwa ugomvi wa kura, wimbo huo ulisikika redioni na kwenye runinga asubuhi, mchana na jioni. Wimbo wenyewe ni "Daima", utungo wake Eric Wainaina. Wakubwa wanaupenda sana. Huuimba wamesimama wima, mkono kifuani, na wengine hufumba macho kabisa kama watu walio kanisani.

Sina ugomvi na wimbo huo. Hata mimi naupenda. Ugomvi wangu ni na hao waliofumba macho. Albamu iliyotupa "Daima" ni Sawa Sawa ya mwaka 2001, na albamu hiyo hiyo ndiyo iliyotupa "Nchi ya Kitu Kidogo", wimbo unaowaambia wakubwa kwamba wameigeuza nchi kuwa duka la hongo. Mtunzi ni yule yule na sauti ni ile ile. Mbona basi tunaupiga mmoja na kuunyamazia mwingine? Mbona mmoja huitwa uzalendo na mwingine huitwa uchochezi? Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa. Lakini huyu ameivutia kwake akaupasua na wambo.

Nataka kusema katika kurasa hizi kwamba kazi ya Wainaina, tangu nyimbo zake za kwanza hadi michezo aliyoitungia muziki, ni kitu kimoja kisichokatwa vipande, na kwamba anayetaka kipande kitamu na kukitupa kichungu hampendi msanii, anataka kasuku.

Tuanze na njia aliyopita. Wainaina alizaliwa Nairobi mwaka 1973. Katika miaka ya 1990 aliimba katika kundi la vijana lililoitwa Five Alive, kisha akaenda Boston, Marekani, kusomea muziki katika chuo cha Berklee. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu zaidi ya 200, wimbo wake "Kenya Only" ndio uliotumika kuomboleza. Kijana huyo angeweza kuishia hapo. Njia ilikuwa imekwisha fyekwa mbele yake: kuwa mwimbaji wa taifa, kualikwa kila sikukuu ya Jamhuri, kulipwa vizuri na kutomuudhi mtu. Wengi waliipita njia hiyo na wakanona.

Badala yake alitoa "Nchi ya Kitu Kidogo". Wale mliokuwa watu wazima wakati huo mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kitambulisho kilikuwa na bei yake nje ya ile ya serikali. Kitanda cha hospitali kilikuwa na bei yake. Askari wa barabarani hakuhitaji kusema neno. Aliushika mlango wa matatu na kondakta akajua la kufanya. Shirika la Transparency International lilipotoa hesabu zake mwaka 2002 lilisema kwamba Mkenya wa mjini alikuwa akitoa hongo mara 16 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya mara moja kila siku mbili. Kuna waumini wasiokwenda kanisani wala msikitini mara nyingi hivyo.

Wainaina hakubuni neno. Alilichukua neno ambalo sote tulikuwa nalo mdomoni, lile la upole linaloficha wizi, akalirudisha kwetu likiwa na midundo. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi. Taasisi hutoa hesabu na hesabu hukaa kwenye faili. Mtunzi hutoa wimbo na wimbo hukaa ulimini. Mwezi Desemba 2002 chama cha KANU kilishindwa baada ya kutawala karibu miaka 40. Sisemi wimbo ndio uliokiangusha. Nasema kwamba watu waliokwisha cheka pamoja juu ya aibu yao hawakuwa tena na woga wa kuitaja.

Hapa ndipo hujitokeza wakosoaji, na nimewasikia kwa miaka mingi kiasi kwamba naweza kuwapanga kama wanafunzi mstarini.

Wa kwanza husema: msanii aimbe, siasa awaachie wanasiasa. Huyu anasahau, au anajifanya kusahau, kwamba katika lugha yetu wimbo na hukumu vimekaa nyumba moja tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya vita na mabishano ya utawala na hakuna aliyemwambia arudi kwenye mapenzi. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, aliimba juu ya Kijiti, muuaji aliyekimbilia bara huku sheria ikiwaadhibu wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Watu wamesahau jina la hakimu. La Kijiti bado wanalo, na aibu ya ile kesi pia. Kama hiyo si siasa, sijui siasa ni nini. Na nikuulize, msomaji: wanasiasa wamewahi lini kuwaachia waimbaji nyimbo? Hakuna mkutano wa kampeni usiokuwa na mwimbaji. Wanachotaka si msanii asiyeingia siasani, wanataka aingie kwa mlango wao.

Wa pili ni msomi kidogo. Husema: nyimbo sawa, lakini hizi tamthilia za muziki ni mambo ya Wazungu na ya matajiri wa Nairobi, mwafrika halisi hana haja nayo. Huyu nitamjibu kwa kirefu, maana ndiye hatari zaidi: anajifunika ngozi ya uzalendo.

Mtu yeyote aliyepata bibi wa kumsimulia hadithi anajua kwamba ngano zetu hazikusimuliwa kavu. Msimulizi hufika mahali akaimba, na watoto wakaitikia. Wimbo huo haukuwekwa ili kuwapumzisha wasikilizaji. Mara nyingi ndani ya wimbo ndimo siri hufichuka: ndege anaimba jina la muuaji, au msichana aliyemezwa na zimwi anaimba kutoka tumboni na ndugu zake wakaisikia sauti. Ukiuondoa wimbo, ngano haiendelei. Sasa mwambie mtaalamu wa tamthilia za muziki akueleze kanuni ya kwanza ya kazi yake. Atakuambia jambo hilo hilo: wimbo wa jukwaani lazima usukume kisa mbele, la sivyo ukatwe. Bibi alijua hayo kabla ya yeyote kwenda Boston.

Na ndivyo alivyofanya Wainaina. Katika Mo Faya, mchezo uliochaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la michezo ya muziki jijini New York mwaka 2009, alikiweka kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Waluo, ndani ya mtaa wa mabanda wa leo. Lwanda wake hashiki mkuki, ni mtangazaji wa redio. Kisha mwaka 2018, katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza hapa Nairobi na baadaye New York, kikaja Tinga Tinga Tales, mchezo uliotokana na ile filamu ya katuni iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Humo mna zile ngano za kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Hata sura za wanyama wenyewe zilitoka kwetu Afrika Mashariki: ni uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, aliyechora juu ya vibao kwa rangi za mafuta za madukani na kuuza picha zake jijini Dar es Salaam hadi alipopigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972. Hadithi ni zetu, rangi ni zetu, muziki ni wetu. Uzungu uko wapi? Labda kwenye tiketi.

Na hapo kwenye tiketi nitakubali neno moja. Ni kweli kwamba michezo hii huonwa na wachache. Lakini kosa hilo tuliweke kwa mwenyewe. Jumba hilo la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, wakati wa mkoloni, na jina lake bado ni la kitaifa kwa sababu hatukujenga mengine ya kufanana nalo huko kwingine. Tuna kaunti 47. Kila moja ina ofisi ya gavana, magari ya gavana na ukuta wa gavana. Kisa cha Magere kimevuka bahari kikapigiwa makofi New York, na mtoto wa Ahero, anayeweza kwenda kuliona lile jiwe kwa miguu, hana ukumbi wa kukionea. Msanii alaumiwe kwa hilo? Usimcheke mkulima kwamba anauza mbali ikiwa wewe mwenyewe ndiwe uliyevunja soko la nyumbani.

Nasema ulivunja, na sitafuni maneno. Mwaka 1977, huko Kamirithu, Limuru, wakulima na vibarua walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao na kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliojaa nyimbo ambazo wengine wao wenyewe walizikumbuka na kuzirekebisha. Ulianza tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 kundi hilo lilipotayarisha mchezo mwingine wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, lilifungiwa milango ya Jumba la Kitaifa, na mwezi Machi polisi wakaenda Kamirithu wakaubomoa ule ukumbi. Hao hawakuwa matajiri wa Nairobi, wala hawakuigiza kwa Kiingereza. Kama tatizo lilikuwa uzungu, mbona waliobomolewa ni hao?

Tatizo, basi, si uzungu wala utajiri. Tatizo ni jukwaa lenyewe. Wimbo mmoja wa dakika nne una msemaji mmoja, na msemaji mmoja anaweza kupuuzwa: huyo ni kijana tu, ana hasira zake. Lakini mtunzi akihamia jukwaani analazimika kumpa kila mtu wimbo wake. Mla hongo naye huimba, na mtoa hongo, na anayeona akanyamaza. Mwizi akiimba vizuri tunampenda kwa dakika tatu, na hapo ndipo tunapojitambua. Tunatoka ukumbini hatuna wa kumnyoshea kidole ila tumejikunjia wenyewe. Ndiyo maana naona kwamba Wainaina hakuuacha "Nchi ya Kitu Kidogo" alipoanza kutungia michezo. Alikuwa anauendeleza.

Niwakumbushe kisa cha Magere kwa wasiokijua. Mwili wake ulikuwa wa jiwe. Mikuki iliugonga ikapinda, mishale ikaanguka. Adui zake waliposhindwa walimpa binti yao awe mke wake. Siku moja Magere akaugua, akamwambia yule mke amchanje, si mwilini bali kwenye kivuli, na damu ikatoka. Binti akatoroka usiku kwenda kwao na habari hiyo. Vita vilivyofuata hawakuuhangaikia mwili. Walikichoma kivuli, na Magere akaanguka.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi. Dola ni mwili wa jiwe. Ina bunduki, ina jela, ina hazina ya fedha. Mtunzi wa nyimbo hawezi kuugonga mwili huo. Lakini dola ina kivuli, nacho ni sura yake machoni pa watu. Na wimbo, na hasa wimbo ulio ndani ya mchezo, huchoma hapo. Anayeshangaa kwamba serikali yenye vifaru huogopa wasichana wa shule waliovaa leso na kubeba ubao, hajaelewa damu ya Magere ilikuwa inakaa wapi.

Na imeogopa kweli. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere ulipigwa marufuku kufika fainali za tamasha la drama, hadi Mahakama Kuu ilipoamua kwamba marufuku hiyo haikuwa halali. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2025, shule hiyo hiyo ikaja na Echoes of War. Mahakama Kuu ikaamuru tena waruhusiwe. Mwandishi wao, Cleophas Malala, akakamatwa Nakuru usiku wa kuamkia siku ya kuigiza. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili wasichana walikataa kuigiza bila yeye; wakauimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje, polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 33, inautaja uhuru wa ubunifu wa sanaa kwa jina lake. Imeandikwa kwa wino mweusi. Wino umeonekana, ila gesi ilikuwa nyingi.

Mkosoaji wa tatu huja hapa. Huyu ni mwalimu mwenzangu, na ananiuma kuliko wale wawili. Husema: watoto wasifundishwe uchochezi; tuwape michezo safi, juu ya mazingira na ukimwi na heshima kwa wazee. Nimefanya kazi katika chuo cha ualimu miaka mingi na vyuo pia hushindana katika tamasha hilo, kwa hiyo najua usafi huo hupatikana vipi. Mwaka mmoja walimu wanafunzi walitunga mchezo juu ya saruji ya darasa iliyopotea njiani. Mkubwa mmoja alikuja kuutazama kabla ya mashindano. Akasema mchezo ni mzuri, uendelee, ila wimbo wa mwisho utolewe. Nikamwuliza kwa nini wimbo, naye ameukubali mchezo mzima. Akanijibu bila kuona haya: "Mwalimu, mchezo watausahau. Wimbo wataenda nao nyumbani."

Wimbo ukatolewa. Wiki moja baadaye wapishi walikuwa wakiuimba jikoni.

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kazi ya mtunzi wa muziki wa jukwaani kuliko hayo ya mtu aliyekuja kuuzima. Lakini yaliyonisumbua ni yaliyofuata. Mwaka uliofuata hakuna mkubwa aliyehitaji kuja. Vijana walitunga mchezo juu ya usafi wa vyoo. Walikuwa wamejifunza kuzima wenyewe. Gesi ya machozi hutawanyika kwa saa moja, lakini mwalimu aliyejifunza kukata wimbo kabla haujaandikwa ataukata kwa miaka thelathini ya kazi yake, na kila mwaka atakuwa na watoto arobaini mbele yake.

Mambo haya yalikuwa yametayarishwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwa somo la kutahiniwa katika shule ya msingi. Baadaye ukatolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na kila mwalimu anajua kinachotokea kwa somo lisilotahiniwa: kipindi chake hugeuka cha hesabu. Leo tunaambiwa kwamba mtaala mpya umefungua mkondo wa sanaa na michezo katika shule ya upili. Vyema. Lakini mkondo hauna maana ikiwa mto umezibwa huko juu. Mtoto atafundishwa kusoma nota, kupanga sauti nne na kuandika onyesho, kisha aambiwe asiandike juu ya kitu anachokiona nje ya dirisha la darasa. Huko ni kumfundisha mtu kuogelea na kumkataza maji.

Kwa hiyo nawaambia walimu, hasa nyinyi vijana mnaotoka vyuoni sasa. Mkitaka kuwaonyesha wanafunzi kazi ya mtunzi, msiwape "Daima" peke yake. Wapeni na "Nchi ya Kitu Kidogo" siku ile ile, kipindi kile kile. Waulizeni kama anayeapa kuipenda nchi na anayeilaumu ni watu wawili au mmoja. Wapeni na albamu zilizofuata, Twende Twende ya mwaka 2006 na Love + Protest ya mwaka 2011, na hiyo ya pili waisome hata jina: mapenzi na malalamiko, yameunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Kisha waacheni waandike mchezo wao wenyewe, na mwizi wapeni wimbo mzuri.

Nao wakubwa nina neno kwao. Wimbo wa "Daima" mnaweza kuendelea kuuimba, hakuna anayewanyang'anya. Lakini upande wa pili wa uzalendo huo mmekuwa mkiudai bila kuulipia. Siku mtakaposimama wima, mkono kifuani na macho wazi, na kuuimba "Nchi ya Kitu Kidogo" tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya watu, ndipo nitaamini kwamba ule mwingine mliuimba kwa moyo.